Jina Limo Kwenye Ubeti wa Mwisho

Washairi wa mji wetu wako ishirini na wawili, na viuno vyao navijua karibu vyote. Si kwamba niliwapima mimi. Aliyewapima ni mzee wangu, fundi cherehani. Yeye anazungusha futi na kutaja namba, mimi naandika kwenye daftari. Hivyo ndivyo tunavyofanya kazi tangu wanetu wakitambaa chini ya meza ya kukatia nguo, na siku hizi wanatambaa wajukuu.

Daftari lenyewe lina mbele na nyuma. Mbele kuna vipimo: kifua, mabega, kiuno, urefu wa mguu. Ukiligeuza, nyuma kuna mashairi. Mzee wangu hutunga huku anakanyaga cherehani, anasema mguu ndio unaomhesabia mizani. Akipata mshororo unaompendeza anasimamisha gurudumu na kusema, "Andika," nami naweka vifungo chini naandika. Niliishia darasa la nne, lakini mwandiko wangu umesimama wima, hata mwenye haraka anausoma. Basi vipimo vikawa vinatoka huku na mashairi yanatoka kule, mpaka mwaka juzi vikakutana katikati, shairi la mvua likalala ubavuni mwa nyonga za mke wa mwenye duka la viatu. Tukanunua daftari jipya, tukaendelea na mtindo uleule. Mtu akishazoea hazoei vingine.

Sasa macho ya mzee wangu yameanza kufunga duka. Jicho la kulia limeshashusha mlango kabisa, la kushoto limeacha upenyo. Uzi namtungia mimi. Kushona anashona vizuri, maana vidole vyake havikuwahi kutegemea macho, lakini gazeti analishika kama mtu anayelinusa.

Amekuwa mshairi miaka arobaini. Jina lake la utunzi ni Sindano. Mashairi yake yamesomwa ukumbini, yamesomwa harusini, na mara moja yalisomwa redioni wakati umeme umekatika kwetu, hatukusikia. Kuchapishwa hayakuwahi. Kwa hiyo chama cha washairi kilipotangaza kwamba kitatoa diwani, kitabu kimoja chenye shairi la kila mwanachama, alisimamisha gurudumu. Mimi nikashika kalamu nikidhani ni mshororo.

"Nataka nilisome jina langu kwenye kitabu kabla hili nalo halijafunga," akasema.

Alisema mara moja tu, kama mtu anayeomba apewe chaki. Lakini kuanzia siku ile alilala usingizi wa mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

Chama hukutana Jumamosi mchana kwenye ukumbi wa juu wa maktaba, penye viti vya plastiki na feni inayogonga kitu kila inapozunguka. Mwenyekiti ni mwalimu mkuu mstaafu. Alistaafu shule, shule haikumstaafu: mpaka leo mshairi mwenye mvi akitaka kwenda msalani lazima anyooshe mkono. Katibu ni mama mmoja wa posta, mkimya, ana muhuri wake mwenyewe mkobani. Kuna Daktari wa Meno, ambaye kila anachotunga, hata cha mapenzi, kinaishia kwenye gego. Na kuna Binti wa Redio, mtangazaji, ambaye hatii vina wala hahesabu mizani. Anasoma tu kama anayekusimulia, halafu ghafla ananyamaza, na wewe unabaki unasubiri. Wazee walikuwa wanamwambia hayo si mashairi, ni barua. Yeye anacheka na kuwauliza kama wamewahi kuandikiwa barua nzuri.

Mimi si mwanachama. Nilikuwa nakwenda kuwa macho ya mzee wangu kwenye ngazi, na nikishafika nafanya chai, kwa sababu washairi wakiwekewa birika wenyewe wanaligombania kama maikrofoni.

Walianza kugombana kabla hawajakusanya hata shairi moja. Ugomvi ulikuwa wa majina: nani atangulie. Wakasema yapangwe kwa alfabeti, Daktari wa Meno akapinga kwa sababu angekuwa wa mwisho. Wakasema kwa umri, kina mama wakakataa kutaja umri, na wanaume wawili pia. Wakasema kwa muda wa uanachama, wakagundua kitabu cha wanachama kilishaliwa na mchwa. Wakasema basi herufi za majina yote ziwe sawa kwa ukubwa, mmoja akauliza kama na yeye mwenye jina refu atahesabiwa sawa na mwenye jina fupi. Jumamosi tatu zilikwisha hivyo. Nilichemsha maji mpaka birika likaanza kuvuja.

Mwishowe Mwenyekiti akapata jibu, na kwa haki yake lilikuwa jibu zuri. Akasema mshairi wetu wa kweli hujitaja mwenyewe kwenye ubeti wa mwisho, ndivyo tulivyorithi. Kwa nini basi jina liandikwe tena juu? Jina limo ndani ya shairi. Anayetaka kujua nani katunga asome mpaka mwisho. Wakapiga makofi. Binti wa Redio akanyoosha mkono, akauliza itakuwaje kwa yeye ambaye hatungi ubeti wa kujitaja. Akajibiwa kwamba hilo angelifikiria wakati anaacha vina. Akakaa, akaandika kitu kwenye karatasi yake, akaipeleka kwa Katibu.

Shairi la mzee wangu linaitwa "Mbana Tumbo". Linamhusu mteja anayekuja kupimwa koti akiwa amevuta tumbo ndani, fundi anachukua kipimo cha uongo, halafu siku ya kulivaa mwenye koti anapumua na lawama inamwangukia fundi. Linaanza hivi:

Kaingia kwa sauti, kalivuta ndani tumbo,
Nishonee fundi koti, lishike vizuri umbo,
Nikamzungusha futi, kasimama kama fimbo,
Pumua bwana pumua, futi haina haraka.

Lina beti saba. Mteja mwenyewe yupo, namfahamu, ni Mwenyekiti. Koti lilikuwa la hafla ya kuagwa shuleni. Kifungo cha kati kilimruka katikati ya hotuba kikaangukia kwenye glasi ya mgeni, na kesho yake alikuja dukani kutufokea kama wanafunzi waliochelewa. Mzee wangu alishona kifungo kingine. Wala hakumwambia mtu. Fundi hatangazi kipimo cha mteja, anasema, vinginevyo mji mzima utatembea uchi. Kwenye shairi hakuweka dalili hata moja. Mteja ni "bwana" tu, na mabwana wako wengi.

Ubeti wa saba ndio wenye jina lake. Aliponitajia mshororo wa tatu wa ubeti ule nilisimamisha kalamu nikamwambia huo auondoe, watu watatucheka. Akasema, "Andika kama ninavyosema." Nikaandika. Nikapeleka nakala kwa Katibu, tukakaa kusubiri.

Yaliyotokea huko hatukuyajua mpaka baadaye. Mwenye mtambo wa kuchapa alisema kitabu kisizidi kurasa thelathini na sita, kikizidi gundi haitashika. Mwenyekiti alikuwa ameahidi utangulizi wa kurasa tatu. Akaandika kumi na moja. Katibu akamwomba apunguze. Akasema utangulizi ni kama msingi wa nyumba, huwezi kuuchimbua. Katibu ni mtu wa posta, anajua kwamba kisichoingia kwenye sanduku hakisafiri. Akampa kila mshairi ukurasa mmoja, na ukurasa mmoja ulimeza beti sita. Waliozidisha akawakata kuanzia chini. Alimuuliza Mwenyekiti kwanza, na Mwenyekiti, aliyekuwa katikati ya kuusoma utangulizi wake kwa sauti, akasema kata tu, beti za mwisho huwa ni salamu.

Na washairi wetu, nikwambie, hakuna aliyetunga pungufu ya beti saba.

Siku ya kuzindua ilikuwa Jumamosi saa tisa mchana. Mwezi ule wote tulishona kama mji mzima unaolewa. Suti na magauni ya washairi yalijaa mpaka kwenye kamba ya kuanikia. Kwa hiyo vipimo vyao vyote vilikuwa vipya, vya mwezi uleule, na daftari lilikuwa mkobani mwangu kwa sababu mzee wangu alitaka nilifuatilie shairi lake likisomwa. Tulikaa safu ya pili. Alivaa shati jeupe alilojishonea kwa kupapasa, na mishono imenyooka kuliko ya wenye macho.

Vitabu vilifika asubuhi hiyo vimefungwa kamba, na kamba ikakatwa mbele ya watu. Mgeni rasmi alikuwa mkurugenzi wa maktaba, mama mnene mwenye sauti ya kupanda na kushuka ngazi. Mwenyekiti alitaka kusoma utangulizi, mgeni rasmi akamshukuru sana na kumwambia utangulizi ni wa kusomwa nyumbani kwa utulivu. Akafungua kitabu popote, kikafunguka kwenye shairi moja la nidhamu. Akasoma beti mbili. Feni ikagonga, ikagonga. Mtu mmoja akakohoa kwa huruma. Mgeni rasmi akauliza ni la nani, hakuna aliyejibu, akafungua ukurasa mwingine.

Akaangukia "Mbana Tumbo".

Alisoma ubeti wa kwanza, watu wakatabasamu. Wa pili, wakacheka. Kufika wa tatu ukumbi wote ulikuwa unamwitikia kwenye mshororo wa mwisho, "Pumua bwana pumua, futi haina haraka," na nikaona wanaume kadhaa wanalegeza mikanda kwa siri. Mzee wangu alikaa kichwa amekiinamisha, kidole kinagonga gotini, anahesabu. Alikuwa anangoja ubeti wa saba. Mgeni rasmi akamaliza wa sita, akafunga kitabu kidole kikiwa ndani, makofi yakalipuka.

"Amemaliza?" mzee wangu akaninong'oneza. "Mbona hajafika kwangu?"

Nikafungua nakala yetu. Nikamwambia wameishia wa sita.

"Na jina?"

Nikamwambia jina lilikuwa huko. Akaweka mikono miwili juu ya magoti, viganja chini, kama anavyofanya kitambaa kikikatwa vibaya na hakiungiki.

Mgeni rasmi akauliza mwenye shairi hili ni nani, asimame tumwone. Mtu anayesubiri ubeti wake hasimami upesi, hasa mwenye magoti ya miaka sabini na tatu. Katika upenyo ule Daktari wa Meno akanyanyuka nusu, akasema kwa kucheka kwamba yeye hana budi kukiri. Nadhani alitania. Lakini Mwenyekiti alipoona Daktari wa Meno anapigiwa makofi akashindwa kuvumilia, akasimama wima kabisa, akasema wenzake wamsamehe, hakutaka kujitangaza, ila shairi lile ni lake, alilitunga kutokana na mambo aliyoyaona maishani.

Na kuyaona ameyaona kweli, nikawaza. Kutokea ndani ya koti.

Wa tatu alikuwa jamaa wa bima, naye akadai. Hapo watu wakaanza kufungua vitabu na kutafuta, na minong'ono ikapanda: jina langu liko wapi, ubeti wangu uko wapi. Katibu alikuwa amekaa na muhuri wake mapajani, uso umemkauka. Binti wa Redio peke yake alikuwa ametulia. Yeye alikuwa ameliweka jina lake kwenye kichwa cha shairi lenyewe, ndani kabisa ya maneno, hivyo katika kitabu kizima cha washairi wa mji, jina lililochapwa lilikuwa moja, la yule waliyemwambia si mshairi.

Nikamgusa mzee wangu asimame. Akatikisa kichwa. Alisema akisema ni lake wataanza kumuuliza huyo mteja ni nani, na yeye hawezi kumjibu mtu. Akasema twende nyumbani, ana nguo ya watu ya kupiga pasi. Hana nguo ya watu ya kupiga pasi, zote nilizipiga jana yake.

Mgeni rasmi akaona njia. Akasema kama beti za mwisho zimekatwa, basi kila anayedai shairi autoe ubeti wa mwisho kwa kichwa. Mwenye mali ataujua. Lilikuwa wazo la mtu asiyekaa na washairi. Ni kama kuwapima wezi wa kuku kwa kuwauliza nani anajua kula kuku. Daktari wa Meno alikuna kidevu akatoa ubeti pale pale, vina sawa, mizani sawa, gego likajipenyeza kwenye mshororo wa tatu. Mwenyekiti akatoa wake, mrefu wa pumzi na wenye mawaidha. Jamaa wa bima akatoa mbili ili wachague. Ukumbi ukazipigia makofi zote, maana kusema kweli hazikuwa mbaya.

Ndipo nikasimama. Mkoba wangu una zipu kaidi, ikabidi niitumikie kwanza. Nikatoa daftari.

Nikawaambia shairi limo humu, kwa mwandiko wangu, na tarehe yake. Nyuma kuna mashairi, mbele kuna vipimo. Ila miwani yangu ni ya zamani, kurasa zimegandana kwa joto la pasi, nikifungua sijui nitaangukia wapi. Nitasoma kwa sauti chochote nitakachokikuta mpaka nifike.

Hata feni ilikosa la kugonga. Waheshimiwa washairi ishirini na zaidi, kila mmoja akiwa ndani ya nguo iliyotoka kwenye daftari lile, waliniangalia mkono wangu kama naushikilia mlango wa choo. Jamaa wa bima alikaa bila kuaga. Daktari wa Meno akasema mimi nilitania tu, Mama Fundi, unanijua. Nikamwambia nakujua, mwanangu, kifua hadi kifundo.

Mwenyekiti alibaki amesimama. Nikamgeukia kwa adabu zote.

"Mwalimu," nikamwambia, "nianze kusoma kuanzia wapi?"

Aliangalia daftari, akamwangalia mzee wangu, akaangalia kifungo chake cha kati. Pale ndipo lilipomwingia, nililiona linaingia, kama mtu aliyekalia pini. Katibu anasema alipauka. Mimi niliona tu anazidi kuvuta tumbo ndani.

"Anzia nyuma, mama," akasema taratibu. "Nafikiri mimi la kwangu lilikuwa koti jingine." Akakaa.

Nikafungua nyuma. Wala kurasa hazikugandana. Nikasoma ubeti wa saba, na nilipofika mshororo wa tatu nikaona haya, nikauruka:

Tamati nafunga uzi, jina langu ni Sindano,
Mshonaji wa mavazi, ninayejua viuno,
Pumua bwana pumua, futi haina haraka.

Nilisahau niko mbele ya watu gani. Ubeti wa mishororo mitatu kwao ni kama meza ya miguu mitatu mbele ya seremala. Ukumbi mzima ulijikunyata. Vidole vikahesabu, mabega yakainuka, mmoja akasema kimepungua kitu hapo. Na mzee wangu akasimama kwa magoti yake yaleyale.

"Umeruka, mke wangu," akasema. "Soma kama nilivyosema."

Ikabidi nisome, mbele ya mkurugenzi wa maktaba na watu wenye viuno vyao:

Aloandika azizi, kwa subira na mkono,

halafu mshororo wa mwisho waliuimba wote, sikuusikia vizuri kwa sababu nilikuwa natafuta miwani na miwani ilikuwa usoni.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Alinishika kiwiko kwenye ngazi akasema ameusikia, watu wote wameusikia, inatosha. Haikutosha. Mtu aliyetaka kulisoma jina lake hawezi kushiba kwa kulisikia. Jioni nilimwona amekaa na kitabu, anapitisha kidole chini ya ubeti wa sita, pale palipobaki peupe.

Jumatatu Katibu alikuja dukani na karatasi ndogo ndogo zenye majina, zimepigwa muhuri nyuma, na chupa ya gundi. Alijaribu kuzibandika kwenye vitabu vinne mbele yetu. Karatasi ya vitabu vile ina utelezi; ukifungua kwa nguvu jina linadondoka. Akakaa kwenye kiti cha wateja, nikafikiri atalia, na mimi sijui kumbembeleza mtu wa serikali. Mzee wangu akaokota jina moja sakafuni, akalisugua kati ya vidole.

Kila mwaka shule zikifungua huwa tunashona vitambaa vya majina kwenye masweta, watoto wasibadilishane. Kipande cha kitambaa cheupe, jina kwa uzi mzito, kinashikizwa kwenye kola. Mzee wangu akaniambia nimtungie uzi. Akaweka ukurasa chini ya mguu wa cherehani, akakanyaga polepole kama anayemkanyagia mgonjwa, na jina likakaa. Akalivuta. Halikutoka. Katibu akalipiga muhuri kwa furaha.

Basi wiki tatu washairi wa mji walipanga foleni dukani na vitabu vyao. Mzee wangu akaweka sharti moja: uje mwenyewe, uniambie shairi ni lipi, unisomee ubeti wako wa mwisho, ndipo nishone. Wengine walikuwa wameusahau wakaukumbuka wakiwa kwenye foleni. Daktari wa Meno alijaribu kwanza kulikana la kwake, kwa sababu halikusomwa siku ile na hakujua kama lilipendwa. Nikamwambia gego ni lako, kila mtu anajua. Akatoa ulimi nje kidogo kama mtoto, akasoma. Binti wa Redio hakuhitaji kitambaa, akaja hivyohivyo na biskuti, akakaa mlangoni kuwarekodi wanaosoma. Wazee waliomwita mwandika barua walitengeneza sauti zao wakipita karibu naye.

Likabaki moja tu halina mzazi, lile la nidhamu.

Mwenyekiti alikuja siku ya mwisho, saa sita mchana, wakati hakuna mtu. Alikuwa na kitabu kwapani na lile koti la kuagwa mkononi. Alizungumza kwanza habari za hali ya hewa. Akazungumza habari za mchwa. Halafu akasema, Fundi, lile la nidhamu ni langu, na akasoma ubeti wake wa mwisho wote bila kukosea, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Mzee wangu alisikiliza mpaka mwisho, akamwambia mizani imetulia. Hiyo ilikuwa kweli. Kulikuwa na mengine ya kusema kuhusu shairi lile, lakini hakuulizwa. Akamshonea jina.

Kisha Mwenyekiti akatandaza koti mezani, akasema pengine lingeongezwa kidogo pembeni. Mzee wangu akachukua futi. Nikafungua daftari mbele. Mwenyekiti akasimama, akanyoosha mikono, akavuta tumbo ndani kwa mazoea. Akabaki hivyo muda mfupi, anatazama dari. Halafu akapumua. Likashuka lote. Mzee wangu akataja namba, nikaiandika, na usiniulize ni ngapi.

Alipoondoka mzee wangu alisema sasa wateja wamekwisha. Akaomba uzi mwekundu, ule mnene wa mabegi. Kitambaa alikikata mwenyewe, kikubwa mara mbili ya vya wenzake. Nikamwambia watasema umejipendelea. Akasema waende kwa fundi mwingine. Alishona herufi moja moja, akisimama kila baada ya herufi kupapasa alipofika, na alipomaliza akausimamisha mguu, akaweka kidole kwenye S, akaenda nacho mpaka mwisho wa O. Akarudi mwanzo. Akaenda tena. Mara ya tatu midomo yake ilikuwa inatembea.

Halafu akapapasa chini ya jina, akakuta nafasi imebaki. Akanisukumia chaki.

"Andika," akasema.

Nikamwambia nina vifungo vya kushona. Akasema vifungo vitangoja. Ikabidi niliandike mwenyewe jina langu kwa chaki, yeye akalipitia na uzi. Limekaa kombo kidogo. Kitabu chetu kiko dukani, juu ya kopo la vifungo. Ukija kupimwa omba ukione. Ila tumbo liache nje.